Kigezo cha Mdhamini

I

Jumatatu ile Mhandisi Ndahani Chilewa aliingia kazini amevaa suti nyeusi, na mlinzi wa getini, ambaye kwa kawaida hamwachi mtu apite bila utani, alimfungulia kimya. Mji mzima wa Ludeba ulishajua. Alhamisi iliyotangulia, mgao ulikata umeme wa Mtaa wa Stesheni kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja. Katika mtaa huo aliishi Mzee Masima, mstaafu wa reli, aliyekuwa akipumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni. Betri ya mashine ilikuwa imeandikishwa kwamba inakaa saa nne. Ilikaa saa moja na nusu, na kabla ya saa kumi mzee alikuwa ameshakata roho.

Alasiri hiyo Chilewa alitakiwa kwenda kuonyesha uso.

Sheria ya Uso ilikuwa imefikisha miaka kumi na mmoja. Kabla yake, mtu akifiwa kwa sababu ya mgao alikwenda ofisini kuuliza nani aliyekata, akajibiwa kwamba ni mfumo. Akienda ofisi ya juu yake, mfumo. Watu walichoka, maana mfumo hauna mlango wa kupigiwa hodi wala shavu la kuchapwa kofi. Ndipo ikaamriwa kwamba mashine iendelee kuamua, kwa sababu hakuna binadamu awezaye kuhesabu betri elfu nane kila dakika, lakini iamue kwa akili ya mtu mmoja aliye hai na mwenye jina, aitwaye mdhamini. Mdhamini alijifungia mwezi mzima Dodoma akijibu maswali elfu tatu: ungemkatia nani, ungemwachia nani, na kwa nini. Majibu yake yakafinyangwa yakawa kielelezo, na mashine ikaamua kama ambavyo yeye angeamua. Uamuzi ukiua mtu, mdhamini alikwenda msibani kwa miguu yake, akataja jina lake mbele ya wafiwa, akasema, “Mimi ndiye niliyeamua,” kisha akaeleza sababu. Wapo waliotemewa mate. Yupo aliyepewa jembe akaambiwa achimbe kaburi, akachimba. Wapo pia waliokaribishwa chai, na hao ndio waliorudi wameumia zaidi.

Chilewa alinyoosha moja kwa moja hadi kwenye meza ya Tulinagwe Mwaisumo, binti mwandishi wa programu wa kituo cha mgao, ambaye watu wote walimwita Tuli.

“Tuli, nitolee sababu,” alisema. “Nataka niisome mara kumi kabla sijaisema mbele za watu.”

“Nakuchapishia sasa hivi, bosi. Umekula?”

“Nitakula nikirudi.” Alivuta kiti akakaa bila kuegemea. “Unajua kinachonisumbua? Maswali yale elfu tatu nayakumbuka karibu yote. Nimejipekua tangu Alhamisi. Sikumbuki mahali nilipojibu kitu kinachofanana na hiki.”

“Maswali yalikuwa mengi, bosi.”

“Yalikuwa mengi,” alikubali, lakini kwa sauti ya mtu asiyeridhika. Akainuka akaenda ofisini kwake, akafunga mlango.

Tuli alimhurumia kwa dhati. Chilewa hakuwa mtu wa kupendwa haraka. Alikuwa mkavu, mwenye kuhesabu kila kitu mara mbili, na alipoteuliwa kumrithi marehemu Bi Nakundwa Mbwambo watu waliguna chini chini. Lakini miezi ilivyokwenda, mgao wa Ludeba uliendelea kuwa wa kibinadamu. Wenye mashine za kusaga waliongezewa saa moja siku za mnada. Mtaa uliokuwa na harusi haukukatwa mpaka bibi arusi atoke. Watu wakaanza kumsalimia Chilewa barabarani, na Chilewa, ambaye hakuzoea kusalimiwa, akaanza kutembea polepole ili asalimiwe vizuri. Kila mtu alisema cheo kimembadilisha.

Tuli alifungua kumbukumbu za Alhamisi. Kila uamuzi ulikuwa na sentensi mbili tatu za sababu, fupi, kama mtu anayezungumza. Alishuka hadi saa nane mchana, akasoma:

*Kata Mtaa wa Stesheni. Chumba cha chanjo cha zahanati kisiguswe. Wagonjwa wa nyumbani ni watatu, lakini mtaa una watu. Ikiwa vigumu watabebana hadi zahanati.*

Akasoma tena.

Hakuna mtu ofisini mle aliyekuwa akisema hivyo isipokuwa mmoja. Bi Nakundwa alizaliwa Usangi, juu milimani, mahali ambapo enzi za utoto wake mgonjwa aliteremshwa kwa machela mabegani mwa majirani, zamu kwa zamu, hadi barabara ya gari. Yeye mwenyewe alibebwa hivyo akiwa na miaka tisa. Katika kila hesabu aliyofanya maishani, majirani walikuwamo. Chilewa alilelewa katika shule za bweni na nyumba za serikali, na aliwahi kukiri, bila aibu, kwamba hamjui jina mtu wa mlango unaotazamana na wake. Mtu huyo asingeandika “watabebana” hata kwa kushikiwa fimbo.

Na Bi Nakundwa alikuwa amezikwa miezi mitano iliyopita.

II

Chumba cha Bi Nakundwa kilikuwa mwisho wa korido. Hakuna aliyekihamia. Kitenge chake bado kilikuwa mgongoni mwa kiti, na kikombe chake kilikuwa dirishani, kimeoshwa na kufunikwa na sosa. Alipofariki, wafanyakazi walikubaliana kwamba jina lake lisifutwe popote mpaka arobaini ipite, na makao makuu, kwa kuona haya, yaliridhia. Siku ya arobaini mchungaji aliomba, shehe akaomba, wakala wali na nyama, kisha Chilewa akaapishwa mbele ya wote. Tuli ndiye aliyemfungulia mipangilio ya seva. Chilewa akafuta jina la marehemu mahali palipoandikwa MDHAMINI, akaandika lake, na ubao mkubwa wa ukutani ukabadilika hapo hapo. Watu walipiga makofi, wengine wakilia. Lakini kompyuta ya chumba kile iliachwa kama ilivyokuwa. Ndiyo iliyoendesha mgao tangu kituo kijengwe, na hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kwanza kuvurugavuruga vitu vya marehemu.

Tuli alisogeza kitenge kidogo, akakaa ukingoni mwa kiti.

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi kompyuta ile ilijiwasha, ikafungua kihariri cha msimbo, yaani programu ambamo amri za mashine huandikwa, na kihariri kikafungua folda ya mgao. Folda ikishafunguka, kazi zilizopangwa ndani yake zilianza zenyewe bila mtu kubonyeza kitu: moja ilisoma betri za mji, moja ikaita kielelezo cha mdhamini, moja ikatuma amri kwenye swichi za mitaa. Kazi ya kuita kielelezo haikujua mdhamini ni nani. Iliambiwa. Iliambiwa na vigezo vya mazingira, yaani maneno ambayo programu hukabidhiwa inapoanza, kabla haijafanya lolote: uko wapi, unamtumikia nani, funguo hizi hapa.

Na vigezo hurithiwa. Seva ikisema mdhamini ni Chilewa, kila kazi inayozaliwa chini yake huzaliwa ikiamini hivyo. Isipokuwa kama faili ya kazi yenyewe ina neno lake. Baba akimwagiza mtoto sukari akiwa sebuleni, kisha mama akamdaka mlangoni akamwambia chumvi, mtoto atarudi na chumvi. Neno la karibu ndilo linaloshinda.

Tuli alifungua faili ya kazi, akashuka hadi mistari ya vigezo. Ilikuwepo minne. Wa nne ulisema hivi:

*MDHAMINI: N. MBWAMBO*

Na pembeni, kwa maandishi ya kijivu ambayo mashine haiyasomi, maneno mawili na herufi moja: *ya muda, T.*

T alikuwa yeye.

Ilimrudia yote. Miaka mitatu nyuma walibadilisha seva, na mipangilio ikapotea. Mashine ikagoma, ikawa inarudia sentensi ile ile kwamba MDHAMINI hajatajwa. Ilikuwa Ijumaa, saa saba kasoro dakika chache, na kantini kulikuwa na pilau. Wote walijua pilau ya Ijumaa ikifika saa saba na robo imebaki ukoko. Badala ya kwenda kwenye seva, kuomba kibali na kujaza fomu, Tuli aliandika jina la Bi Nakundwa ndani ya faili ya kazi, ambako hakukuhitaji kibali cha mtu. Mashine ikaamka. Aliweka alama ya “ya muda” akinuia kurudi baada ya chakula. Jumatatu yake seva ikatengenezwa rasmi na mtu mwingine, kila kitu kikaonekana sawa, na mstari ule ukalala humo miaka mitatu bila kumsumbua mtu, kwa sababu majina yote mawili yalikuwa ya mtu mmoja.

Mpaka mtu huyo alipokufa. Kielelezo cha mdhamini aliyefariki hufungiwa mwaka mzima bila kufutwa, ili kesi za nyuma ziweze kuchunguzwa, na ufunguo wa zamani bado ulikifungua. Ubao wa ukutani ulisoma jina kwenye seva. Ripoti zilisoma jina kwenye seva. Kazi yenyewe ilisoma mstari wa nne. Kwa siku zaidi ya mia moja, aliyekuwa akikata na kuwasha umeme wa Ludeba alikuwa marehemu.

Jambo la kwanza lililomjia, na tusimpambe, lilikuwa kufuta. Mstari mmoja tu. Afute, ahifadhi, na kesho saa kumi na mbili mashine ingeamka ikimtumikia Chilewa kama ubao unavyosema. Hakuna mkaguzi ambaye angejua. Kidole chake kilikaa juu ya kitufe muda mrefu kuliko alivyopenda kukumbuka baadaye. Alimwaza Bi Nakundwa, aliyemfundisha kazi tangu akiwa hajui hata kusoma ramani ya nyaya, aliyemwita “mdogo wangu” mbele ya wakubwa ili wasimwonee. Amezikwa kwa heshima, na sasa avikwe kifo cha mtu. Aliwaza kazi yake mwenyewe. Alilia kidogo, akajifuta kwa kiganja.

“Nimekusubiri,” Chilewa alisema mlangoni. Hakuwahi kuingia chumba kile tangu arobaini. “Saa tano hii. Sababu iko wapi?”

Tuli aliinuka. Alijikuta amesimama mbele ya kioo cha kompyuta, kana kwamba anakificha, kisha akasogea pembeni.

“Bosi, njoo uone kitu. Ukishakiona utanifanya utakavyo.”

III

Alimweleza yote bila kuruka, pamoja na pilau. Chilewa alisikiliza akiwa ameinamia kioo, mikono mgongoni. Tuli alipomaliza, Chilewa aliufuata mstari wa nne kwa kidole, herufi kwa herufi.

“Kwa hiyo sikumuua mimi,” alisema mwishowe.

“Hapana, bosi. Wewe hujaamua kitu chochote tangu uapishwe.”

Uso wa Chilewa ulilegea, kisha taratibu ukakazika tena. “Chochote?”

“Chochote.”

“Saa za mashine za kusaga?”

“Ni yeye.”

“Ile harusi ya kwa akina Mdachi?”

“Ni yeye, bosi.”

“Basi hata yale mazuri si yangu,” alisema, na Tuli akaona kwamba hilo limemchoma mahali ambapo lile la kwanza halikufika. Alikwenda dirishani, akaangalia nje kwenye safu za betri zilizopangwa uwanjani. “Mwanzoni nilishangaa. Nikasema, kumbe moyoni mimi ni mtu wa hivi. Nikafurahi, Tuli. Nimemwambia hadi mke wangu.”

Tuli alirudi kukaa mbele ya kioo cha kompyuta.

“Iendeshe,” Chilewa alisema ghafla. “Chukua hali ya betri za Alhamisi saa nane, weka jina langu, iendeshe. Nijue ningefanya nini.”

“Bosi, haitusaidii kitu.”

“Inanisaidia mimi.”

Tuli alitengeneza nakala ya faili, akakata waya wa swichi ili majaribio yasiguse mji, na kwenye mstari wa nne akaandika *N. CHILEWA*. Akaiwasha. Kielelezo kilihitaji dakika nane kusoma hali ya mji na kupima. Dakika nane si nyingi mtu akiwa na shughuli. Wao walisimama tu, wakisikiliza feni ya kompyuta ikipanda na kushuka, na mara moja Chilewa alifungua kinywa kana kwamba anataka kuiambia isimame, akakifunga. Jibu likaja:

*Kata Mtaa wa Stesheni. Chumba cha chanjo hakina betri. Nyumba za wagonjwa zina betri za saa nne. Mgao ni wa saa tatu.*

Chilewa alilisoma kwa sauti. Akairudia sentensi ya mwisho peke yake.

“Ni mimi huyo,” alisema. “Hapo ndipo ninapojitambua. Saa nne kwa saa tatu, imebaki moja.” Akavuta pumzi. “Basi, limekwisha. Futa mstari wa marehemu, weka mambo sawa. Nitakwenda kama nilivyopanga, nitasema niliamua mimi, na sababu ni hii hapa.”

“Itakuwa uongo, bosi.”

“Uongo gani? Umeona mwenyewe. Ningekata mtaa ule ule, saa ile ile.”

“Ungekata. Hukukata.”

“Tuli, hebu nisikilize.” Aliketi kwenye kiti cha Bi Nakundwa bila kutambua, akagundua, akainuka tena. “Wewe unafikiri unajisema mwenyewe tu. Fikiri wengine. Bi Nakundwa watoto wake wako hapa hapa mjini. Halafu ile sababu yake. Utasimama pale, majirani wote wamekaa kwenye mikeka, useme tulimkatia mzee kwa sababu tuliamini ninyi mtambeba? Alhamisi ilikuwa siku ya mnada. Mtaa mzima ulikuwa mnadani. Unataka wazee wale walale na neno hilo? Sababu yangu ni ya betri. Betri haina ndugu, haimuumizi mtu.”

Hapo ndipo Tuli alipokwama. Mpaka wakati huo alikuwa akiogopa kwa ajili yake na kwa ajili ya marehemu, na hofu ya namna hiyo mtu anaweza kuimeza. Hili lilikuwa jingine. Chilewa alikuwa radhi kubeba kifo kisicho chake, akisema karibu kweli, na hakuna mtu ambaye angeumia zaidi ya alivyokwisha umia. Kweli yenyewe ingemwongezea kila mtu mzigo. Alichokuwa nacho ni kwamba sheria ile haikuandikwa ili wafiwa wapunguziwe maumivu. Iliandikwa kwa sababu waliuliza swali moja, nani aliamua, na kwa miaka mingi walipewa majibu ya kuwatuliza.

“Aliyefiwa ni mkewe Mzee Masima, bosi,” alisema. “Akitaka kuwasamehe majirani au asiwasamehe, ni juu yake. Sisi tukimchagulia sababu, tunamwamulia tena.”

“Nimeshasema. Ninakuagiza.”

“Nimesikia, bosi.”

Hakufuta mstari. Alisimamisha kazi yote ya mashine, akawaita mafundi wawili wa zamu waendeshe mgao kwa mkono hadi jioni, kisha akaenda bafuni kunawa uso. Saa nane alimkuta Chilewa getini akiwa amemkabidhi mlinzi simu yake, kama sheria inavyotaka. Naye akatoa yake.

“Wewe unakwenda wapi?” Chilewa aliuliza.

“Tunakwenda wote.”

Hakumkataza.

IV

Nyumba ya marehemu ilikuwa ya matofali, na mbele yake kulifungwa turubai la bluu. Walimzika Jumamosi. Wanaume walikaa nje kwenye viti vya plastiki, wanawake kwenye mikeka karibu na mlango, na katikati yao alikuwa Bi Perusi, mjane, mwanamke mwembamba aliyejifunga kaniki. Mazungumzo yalikatika wawili wale walipoonekana wakikata kona kwa miguu.

“Hodi wenyewe.”

“Karibuni.”

“Poleni sana na msiba.”

“Tumeshapoa.”

Hawakupewa viti, maana bado haikuwa zamu ya viti. Mzee Yoramu, mdogo wake marehemu, aliinuka akasimama mbele yao. Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa ya mtu aliyeipanga.

“Umeme ulikatika Alhamisi saa nane,” alisema. “Kaka yangu amekufa. Nani aliamua?”

Chilewa alisogea hatua moja. “Jina langu ni Ndahani Chilewa,” alisema, na kila mtu akasubiri sentensi inayofuata. Haikutoka. Alikuwa ameishika karatasi yenye sababu ya betri, ameikodolea macho. Alijaribu mara ya pili. Watu wakaanza kutazamana.

“Si yeye,” Tuli alisema.

Alikwisha jifikiria akisema maneno hayo kwa ujasiri. Yalitoka madogo, ikabidi Mzee Yoramu ainamishe sikio.

“Mimi naitwa Tulinagwe Mwaisumo. Naandika programu za mgao. Karatasi zinasema aliyeamua ni Mhandisi Chilewa, na yeye mwenyewe mpaka leo asubuhi aliamini hivyo. Siyo kweli. Mashine ilikuwa ikitumia akili ya mama aliyekuwepo kabla yake, Bi Nakundwa Mbwambo.”

“Si alikufa huyo?” mtu mmoja aliuliza kutoka kwenye viti.

“Alikufa. Aliyeamua ni yeye, na amekufa. Aliyemwacha aendelee kuamua baada ya kufa ni mimi. Nililiandika jina lake mahali ambapo halikutakiwa kuandikwa, nikasahau kulitoa. Mtu wa kuja hapa ni mimi.”

Kelele zilipanda kwenye viti. Kijana mmoja wa ukoo alisimama, akavutwa shati akakaa. Mzee Yoramu aliangalia huku na huku, kwa sababu utaratibu alioujua ulikuwa umeishia hapo na hakuna aliyemwambia mbele kuna nini.

“Ni kweli asemavyo,” Chilewa alisema. Alikunja karatasi akaitia mfukoni. “Nilikuja kusema uongo. Nisameheni.”

“Mwacheni binti asogee,” Bi Perusi alisema.

Tuli alivua viatu, akapita kati ya wanawake, akapiga magoti mbele ya mkeka. “Shikamoo mama.”

“Marahaba.” Mjane alimwangalia usoni kwa muda. “Huyo mama marehemu. Mashine inasema alifikiri nini? Nasikia huwa mnakuja na sababu.”

Ndilo swali ambalo Tuli aliliogopa njia nzima. Aliwahisi wanawake waliomzunguka, magoti yao karibu na yake, mitandio yao ikinuka moshi wa kuni za msibani. Walikuwa wamepika hapo siku nne mfululizo.

“Aliona hapa kuna wagonjwa watatu,” alisema. “Lakini aliona mtaa una watu. Alisema hali ikiwa ngumu, mtabebana hadi zahanati.”

Mwanamke aliyekuwa akimenya viazi aliacha kumenya. Mwingine, mnene, wa makamo, aliufunika uso kwa kanga, na mabega yakaanza kumtikisika. “Bi Perusi,” alisema ndani ya kanga, “tulikuwa mnadani. Wallahi tungejua.”

“Najua mlikuwa mnadani,” Bi Perusi alisema. “Sijakuuliza, jirani. Menyeni viazi.” Hakuondoa macho kwa Tuli. “Nilibisha milango sita. Wa sita nikamkuta bibi asiyeona. Akatoka na fimbo yake tukarudi wote.” Alivuta kaniki begani. “Huyo mama alikuwa mtu wa wapi?”

“Wa Usangi, mama. Upareni.”

“Basi ndiyo maana.” Alisema hivyo tu, na kama lilikuwa lawama au la, Tuli hakuweza kujua. “Na wewe. Siku ulipoandika hilo jina ulikuwa na shughuli gani iliyokufanya usahau?”

Angeweza kusema kazi zilikuwa nyingi. Lingekuwa karibu kweli.

“Nilikuwa nawahi pilau ya kantini,” alisema.

Kwenye viti, kijana wa ukoo alitoa tusi, na safari hii hakuna aliyemvuta shati. Tuli aliinamisha kichwa akingoja kofi, mate, jembe, chochote walichokuwa nacho. Machozi yalimdondoka kwenye mkeka.

“Usilie,” Bi Perusi alisema. Haikuwa sauti ya kubembeleza. “Unilie mimi nikubembeleze wewe? Siku nne hizi kila anayeingia ananiambia pole, nikianza kueleza ananiambia nyamaza mama, usijitese. Ndugu zangu hawataki kusikia. Watoto hawataki. Hawa majirani ndiyo kabisa, umewaona. Hakuna aliyeniuliza saa ile ilikuwaje.” Aliusogeza mguu wake kando, akapapasa mkeka mahali palipobaki wazi. “Wewe utasikiliza. Utakaa hapa, nitakuambia mwanzo hadi mwisho, dakika kwa dakika, na usiniambie pole mpaka nimalize. Unaweza?”

“Naweza, mama.”

Tuli alikaa. Mzee Yoramu alimletea Chilewa kiti, akamweka miongoni mwa wanaume, na watu wakarudi polepole kwenye nafasi zao. Bi Perusi alingoja mpaka wote walipotulia. Kisha akakunja mikono mapajani.

“Umeme ulipokatika alikuwa anakula papai,” alianza. “Nilimkatia vipande vidogo vidogo, kwa sababu vikubwa vilikuwa vinamchosha.”